Siku Nliyonyamaza Wakapiga Vigelegele

Hebu nambie mwanangu, ushawahi kuulizwa jambo kubwa la maisha yako, ukatazama chini, na watu wakashangiria kama vile ushajibu? Mie limenikuta. Vuta mto ukae vizuri nikuhadithie. Ukitaka kucheka cheka tu, mwenyewe nacheka.

Nlikuwa mwari, kwetu Kiponda, juu ghorofani. Skuli niliacha mapema, herufi zilinishinda, lakini mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nikijifunza kupiga hina kwa somo yangu, Bi Mwanakhamis, yule mama aliyenifunda nlipovunja ungo. Nachovya njiti ya ukuti, nauteremsha mmea kutoka kifundoni mpaka kidoleni bila ya kuinua mkono. Tamaa yangu ilikuwa moja: kila bibi harusi wa mjini, kabla hajaulizia nguo, aulize, "Kidawa kashaitwa?"

Ikaja posa. Kijana wa Bububu, mpole, mzuri, meno meupe kama nazi. Kaleta na doti za kanga, mpaka leo rangi zake naziona. Ila alituma neno moja: mke wake hatokwenda kupiga hina majumbani mwa watu.

Shangazi akaja kuniuliza mbele ya wanawake wa nyumba nzima. "Kidawa, umemridhia?"

Mwanangu, jibu nlikuwa nalo. Lakini mashoga zangu wote washaolewa, kanga zile zinameremeta, na haya imenijaa. Nkatazama mkeka. Na kwetu mwari akinyamaza, karidhia. Shangazi akaruka juu: "Kanyamaza! Kanyamaza!" Vilipigwa vigelegele mpaka paka wa jirani wakakimbilia darini.

Siku ya tatu yake nkaenda kwa somo.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, bibi harusi. Hebu nipige hina na mie nifanane."

Nkaanza mguu wa kulia. Jani likaenda mrama, ua likawa kama kaa aliyekanyagwa. Akautazama mguu wake, akanitazama mie.

"Hii nini?"

"Ua, somo."

"Ua la wapi hili! Huyo mume mbaya?"

"Mzuri."

"Mkali?"

"Mpole."

"Sasa mkono umeingia nini?"

Nkamweleza lile sharti. Alicheka kwanza, kisha akakasirika kweli.

"Na ulipoulizwa ukasemaje?"

"Nlinyamaza."

"Mdomo huo unauwekea nini, sikukuu? Kidawa, yule kijana hana kosa, kasema anachokitaka. Wewe ndo uliyemdanganya, umempa kimya chako akaenda nacho kwao anafurahi. Jifikirie ushafika umri wangu, kichwa kizima mvi. Umekaa wapi, na mkononi umeshika nini?"

"Njiti," nkasema, machozi yananilengalenga.

"Basi kamwambie baba ako leo hii, kabla sufuria za harusi hazijatoka. Mficha uchi hazai."

Nlimkuta baba karudi kusali alasiri, anakunywa chai. Nkamwaga yote, sikuvuta pumzi. Akanyamaza. Yarabi, kumbe kimya cha mwenzio kizito hivyo! Akaweka kikombe.

"Siku ile ulipoulizwa ulikuwa na maradhi ya ulimi?"

"Nlikuwa na haya, baba."

"Haya. Basi tugawane. Mie ntarejesha kanga, wewe utamkabili shangazi ako."

Alinipa kazi kubwa yeye! Shangazi alininunia mpaka Mfungo Mosi, Ramadhani ishakwisha. Salamu yangu anaipokea, lakini uso kaugeuzia ukutani.

Sasa sikiliza. Mwaka wa pili yule kijana akaoa mtoto wa kike wa huko mtaa wa Amani. Kwao yule mtoto hawajui hili wala lile, wanatafuta mpiga hina, wakaniita mie! Nkaenda. Nkampamba yule bibi harusi, hina kama ile sijapiga tena. Nasikia bwana harusi aliuliza kapiga nani, akaambiwa, akacheka: "Kumbe alijua anachokitaka." Na marehemu mume wangu alipokuja kuposa, sharti nlilitoa mie, tena mapema. Akasema, "Mkoba wa hina ntakubebea mpaka mlangoni. Ndani siingii." Akaubeba mpaka Mungu alipomchukua.

Basi mwanangu, likikujia jambo la kuamua, usitazame kanga zinavyong'ara wala mashoga wamefika wapi. Tazama uzee wako. Jiulize siku hiyo unataka ukutwe unafanya nini, na kitu gani hata ukipewa dunia hukiachi. Kisha sali, omba shauri kwa mtu anayekupenda na asiyekuogopa, halafu useme. Sema mapema, sema kwa adabu, lakini sema. Wazee walinena usiache mbachao kwa msala upitao; huo mkeka wako mkuukuu ndo unaokujua mgongo.

Nayasema haya kwa sababu ya mjukuu wangu Rahma. Baba ake na wajomba zake wanataka asome mambo ya benki, mwenyewe roho yake iko kwenye ukunga. Wakamuuliza kwenye lile kundi la familia la simu, "Rahma, sawa?" Akaweka kidole gumba! Wajomba wakajaza maua na makofi. Nkamwambia, hicho kidole ndo kimya changu kile kile, kimevaa nguo mpya tu.

Mungu akufungue ulimi, mwanangu, akupe riziki inayofanana na moyo wako, na uzee wako uwe wa kucheka kama huu wangu.

Rahma alikaa hapa hapa, juzi Ijumaa, akanishika mkono huu wa makunyanzi. "Bibi, nakuahidi, nnakwenda Mpendae sasa hivi nikamwambie Baba kwa mdomo wangu. Na mtoto wa mwanzo ntakayempokea kwa mikono yangu, ntakuja kukuhadithia wewe kabla sijavua sare."