Safu Tatu za Kitambaa Cheupe

Mke wangu alifuma vitambaa sita vya viti. Cha saba alikiacha nusu, sindano ya krosheti ikiwa bado imeshika kitanzi cha mwisho. Tulipomzika niliweka mfuko wake wa uzi juu ya kabati, na miezi mingi sikuugusa.

Sitasema nilivipenda vitambaa vile. Sebule yetu hapa Bondeni ni ndogo, na kila nilipoinuka kitini kitambaa kiliteleza kikaanguka. Nilikisukuma kando kwa mguu. Yeye alikiokota, akakikung'uta vumbi, akakitandika tena bila neno. Miaka mingi hivyo.

Siku moja baada ya chakula cha mchana niliushusha ule mfuko. Nadhani nilitaka tu kushika alichokishika. Niliichomoa sindano ili nikitandaze kitambaa vizuri, kisha nikavuta uzi uliokuwa ukining'inia, nikidhani umezidi. Ukaja. Nikavuta tena, ukaja kwa ulaini. Nilipong'amua, safu tatu zilikuwa zimefumuka, zimelala mapajani mwangu.

Kazi ya mwisho ya mikono yake, na mimi ndiye niliyeiharibu. Watoto walipopiga simu jioni sikuwaambia.

Kesho yake nilikibeba kitambaa hadi kwa jirani yetu, mama anayeuza mboga pale kona. Yeye na marehemu walizoea kufuma pamoja. Nilimkuta akikatakata sukuma wiki.

"Mzee, hii ni kazi ndogo. Niachie, nitaimaliza nikingoja wateja."

"Hapana. Nifundishe."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe? Yule bwana wa kusukuma vitambaa kwa mguu? Alituambia, usidhani hatujui."

Ilikuwa kweli. Naye akaacha kucheka, akafuta mikono kwa leso, akanisogezea kreti nikae.

"Umeishika sindano kama jembe," akasema. "Legeza mkono. Uzi si ng'ombe, hautoroki."

Uzi uliofumuka ulikuwa na mawimbi madogo madogo, kila wimbi pale palipokuwa na kitanzi chake. Nilimuuliza kama niuloweke unyooke.

"Wacha hivyo. Huo umeshazoea kujikunja."

Nimekuwa fundi wa mawe maisha yangu yote, na vidole vyangu ni vigumu. Nilifuma, nikafumua, nikaanza upya. Kuna siku nilichoka nikarudi nyumbani kabla hata ya kumaliza vitanzi kumi. Safu zangu zinabana, na kitambaa kimejikunja upande mmoja. Anayekitazama ataona mkono wa marehemu ulipoishia na wangu ulipoanzia.

Juzi nilimaliza safu ya tatu. Uzi uliofuata ulitoka kwenye donge umenyooka, hauna wimbi hata moja. Huo yeye hakuwa ameufikia.

"Endelea, mzee," jirani akasema. "Si umeshajua?"

Nilimwambia nimechoka, na sikumdanganya. Niliiacha sindano ndani ya kitanzi, pale pale mke wangu alipokuwa ameiacha. Nilipofika nyumbani nilikitandika kitambaa kwenye kiti chake, nusu hivyo hivyo, donge la uzi likiwa kando. Kile cha kiti changu kilikuwa chini tangu asubuhi. Nikakiokota, nikakikung'uta vumbi, nikakitandika.