Majaribu kwa Kiswahili cha Mama

Mama alipopigwa kiharusi na mguu wa kulia ukagoma, wazee wa kanisa walitaka kumletea Chakula cha Bwana nyumbani, kama wanavyowafanyia wagonjwa wote. Akakataa. Alisema mgonjwa ni mguu, si yeye. Angekipokea altareni kama zamani, na angefika huko kwa miguu yake.

"Mama, kanisa liko juu kule," nikamwambia.

"Najua liliko. Mawe ya msingi wake nilibeba mimi."

Basi kila Jumamosi nilifunga mapema kibanda changu cha nguo kule mjini, Themi, nikapanda nyumbani huku Meru. Mchana tulifanya mazoezi kati ya migomba, yeye na fimbo yake, mimi nyuma yake. Jioni, baada ya loshoro ya moto, yale mahindi yetu ya kupondwa na maziwa mgando, alitaka nimsomee, maana macho nayo yalikuwa yamefifia. Hakutaka kingine ila vile vitabu vya shuhuda vinavyouzwa mlangoni mwa kanisa, habari za kweli za watu walioteseka wakamshikilia Mungu.

Niseme kweli, vilinichosha. Ukurasa wa kwanza mtu ana nyumba na mume. Wa tatu nyumba imeungua, wa tano mume kaondoka, na kabla chai yako haijapoa keshapata vyote mara mbili. Na yule ambaye nyumba yake iliungua ikabaki majivu, yeye nani anamwandikia kitabu? Lakini Mama alisikiliza kwa shingo na mabega, nami nikasoma.

Neno moja halikukosekana humo: majaribu. Jioni moja nilimsomea habari za mjane aliyepoteza shamba, kisha mtoto, kisha afya. "Mungu akaruhusu majaribu mengi," nikasoma. Mama akapiga paja.

"Mengi! Unaona? Mungu hana choyo."

Nikashusha kitabu. "Choyo cha nini, Mama?"

"Cha majaribu. Umejaribu ukashindwa, anakupa jaribu lingine. Ukishindwa tena, anakupa lingine."

Mama kakulia kwenye Kimeru. Kiswahili alikiokota sokoni na kanisani. Kumbe miaka yote hiyo, mchungaji akihubiri majaribu na watu wakiinamisha vichwa, yeye alikuwa akisikia habari njema! Nilifungua mdomo nimsahihishe, maana kusahihisha watu napenda. Lakini alikuwa ameshika mkono wa kiti, anajinyanyua.

"Ngoja nitumie la leo," akasema. Nikafunga mdomo.

Jumapili ya Chakula cha Bwana ilipofika, tulitoka kukiwa na ukungu bado. Njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya mwisho, kanisa likionekana kabisa, ndipo mguu ukamsaliti. Akaanguka ubavu, kitenge chote tope. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikamfokea palepale kwamba tunarudi, kwamba ukaidi huu utamuua. Mzee mmoja wa kanisa akaja mbio kutoka langoni.

"Shikamoo, Mama. Pole sana. Haya ni majaribu tu. Turudi nyumbani, tutakuletea hukohuko."

Mama akamtazama kutoka chini.

"Marahaba. Umesema ni nini?"

"Majaribu, Mama."

"Sasa kama ni majaribu, mbona unanirudisha nyumbani?"

Yule mzee akanigeukia, akidhani mama yangu amechanganyikiwa. Ningeweza kumweleza. Hasira yote ilikuwa imenitoka, nikawa nacheka huku machozi yananishuka. Nikaokota fimbo, nikaifuta tope kwa gauni langu zuri la Jumapili, nikampa.

"Jaribu, Mama."

Alinyanyuka mara ya kwanza akakaa. Ya pili akakaa. Ya tatu akasimama.

Tuliingia kanisani kundi la mwisho likielekea altareni. Watu wakatupisha njia, wengine wakitazama lile tope. Mbele, wote walipiga magoti kama desturi. Mama peke yake hakupiga. Mchungaji alipomfikia, Mama aliupokea mkate akiwa amesimama.