Jina Alilotunyima Mama Mkwe

Ukweni kwangu, mama wa mume ndiye hutoa jina la mtoto. Humpakata, hulitamka mbele ya watu, ndipo pombe hunywewa. Mama mkwe wangu alikuwa ametangaza tangu harusi yetu kwamba msichana wa kwanza ataitwa jina lake. Enzi zile serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, kwa hiyo jina la ukoo lilikuwa fahari, naye alijivuna nalo hadi kanisani.

Binti yangu alizaliwa kwa mimba ya miezi saba, katika baridi ya Likasi, mwepesi kuliko kifaranga. Mama mkwe alikuja hospitali, akachungulia ndani ya pamba alimofungwa mtoto, akasema mbele ya wazazi wenzangu:

"Hii ni mutoto ao ni panya? Jina yangu haitazikwa na panya."

Akaenda zake. Sikulia. Nilimchukia tu, na chuki ile ilinisimamisha.

Aliyebaki nami ni muuguzi mmoja wa kike, mwenye asili ya mkoa wa Kasai, ambaye mama mkwe alikuwa akimwita mgeni. Alizungushia mtoto chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Alinifundisha kukamua maziwa na kuyadondosha kwa kijiko, akamfundisha na mume wangu kupima joto la maji kwa kiwiko. Tuliporudi kwetu, kwenye kambi ya wafanyakazi, muuguzi alipita kila akitoka kazini kushika nyayo za mtoto. Akizikuta baridi, alimlaza kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, na kutufunga kitenge.

Mtoto aliponenepa mapaja, mama mkwe akaja na kuku, kitenge kipya na wanawake wa parokia. Akaketi, akanyoosha mikono. Nilingoja wote wanyamaze.

"Mama, mutoto iko na jina. Ni ya ule nurse."

"Ya Mukasai? Na yangu?"

"Ulikataa izikwe na panya. Basi uichunge."

Mume wangu aliinamisha kichwa, lakini hakunipinga. Tulikuwa tumeshakubaliana.

Baada ya hapo nilizaa wavulana watupu. Uzeeni mama mkwe alipofuka macho, akahamia kwetu, na binti yule ndiye aliyemwongoza hadi chooni. Kutwa nzima bibi alimwita kwa jina la muuguzi. Nami, nikiwa jikoni, nilimshika binti mkono kidogo asiitike upesi, ili bibi yake alitaje tena jina lile.