Hitima ya Bendera

Nimeambiwa na watu wenye dini kuliko mimi kwamba kusamehe ni bora. Nakubali, ni bora. Mimi sikusamehe, na mpaka leo sijaona hasara yake. Mume wangu alimtoa baba yangu kwa Wadachi, Wajerumani wale, wakamnyonga, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyomfanya.

Asiyeujua mji wetu wa zamani nitamweleza kidogo. Bagamoyo ilikuwa ya Sayyid wa Unguja, naye alikuwa na liwali wake hapa, mwenye askari wachache na maneno mengi. Lakini mambo ya mashamba, ndoa, ugomvi na misafara ya bara yalikuwa mikononi mwa majumbe, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Jumbe hakupewa barua na mtu. Alichinja ng'ombe, akaulisha mji mzima nyumbani kwake, na majumbe wenziwe wakishakula wali wake, basi amekuwa jumbe. Wasipokula, hata avae vilemba saba, ni mtu aliyepoteza ng'ombe tu. Ndiyo serikali yetu, na mimi niliipenda, kwa sababu mji ulikuwa na uwezo wa kufunga mdomo.

Kisha wakaja Wadachi na karatasi ya Sayyid. Tukaambiwa kwamba Sayyid na mfalme wao wamekuwa marafiki, na kwa urafiki huo pwani yetu yote imekodishwa. Wakubwa wameoana, sisi ndio tuliotolewa mahari. Nilikuwa ndani siku waliyoukata mlingoti wa Sayyid, nikayasikia mashoka. Baadaye wakapandisha bendera yao, na baba akasema barazani mbele ya watu, "Mtu hukodisha kilicho chake. Sayyid alininunua lini?"

Maneno hayo yalifika kwao kabla kahawa haijapoa.

Vita vilipokuja tulikimbia kama watu wote, maana manowari zilipiga mizinga na kuta za mawe zikawa changarawe. Vilipotulia watu wakarudi mjini kidogo kidogo. Baba hakurudi. Jina lake lilikuwa bomani kwa Wadachi, kati ya wanaotafutwa, akakaa shambani kwa rafiki yake upande wa Fukayosi, katika kibanda nyuma ya mihogo, na dada yake, shangazi yangu, akimpikia. Mimi na mume wangu tulirudi tukaishi katika nyumba ya baba. Kila Ijumaa nilijitwika kikapu cha samaki wakavu na chumvi nikampelekea.

Mume wangu aliniuliza njia. Aliuliza kwa upole, akinitwisha mzigo vizuri kichwani. "Unapita wapi, mke wangu? Nisije nikakaa hapa nahofia simba." Nikamwambia. Nilimweleza mpaka mti wa mwisho, mpaka mahali pa kuuvuka mto, na moyo wangu ukafurahi kwamba nina mume anayenihurumia. Kikulacho ki nguoni mwako, tuliimba sisi wanawake kila siku tukitwanga, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote.

Siku ya nne baada ya kumweleza wakamkamata baba. Shangazi alikuwa kisimani. Aliporudi aliwaona askari wameizunguka mihogo, na mume wangu amesimama kando yao, ameunyosha mkono kuelekea kibanda. Hakufungwa kamba, hakushikiwa bunduki. Shangazi alilala kwenye majani mpaka walipoondoka, akatembea mpaka mjini, akanieleza jikoni kwangu.

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili," akasema. "Mwanangu, usipige kelele."

Sikupiga. Baba alinyongwa siku iliyofuata. Maiti hatukupewa, na boma likapiga mbiu kwamba atakayemlilia mwasi naye ni mwasi. Kwa hiyo baba yangu, aliyezika nusu ya mji kwa sanda zake mwenyewe, hakuwekewa tanga wala hakusomewa hitima. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kifo chenyewe. Kufa watu hufa. Lakini alizikwa kama mbwa aliyeokotwa njiani, na watu waliokula wali wake wakapita mlangoni kwetu wameinamisha macho.

Nikanyamaza miezi mingi. Nilimpikia mume wangu, nikamtilia maji ya kunawa, nikamwitikia "labeka". Niliogopa nafsi yangu kwa jinsi nilivyoweza. Usiniulize nilivyolala naye kitanda kimoja, nililala. Watu husema subira huvuta heri. Subira yangu mimi haikuwa ya heri, nami nilijua hivyo.

Siku moja akarudi kutoka bomani amechangamka kama bwana harusi. Bendera itatimiza mwaka tangu vita vitulie, akasema, na bwana mkubwa anataka sherehe. Siku hiyo, mbele ya mji, yeye atatawazwa jumbe mahali pa baba yangu. Barua iko tayari. Lakini alikuwa mtoto wa Mrima, pwani yetu hii, alijua barua haitoshi.

"Nataka waje kula," akaniambia. "Majumbe wote, hapa hapa, wali wako wewe. Wakila kutoka mkononi mwa binti wa marehemu, nani atasema neno?"

"Hakuna, bwana," nikajibu. "Nipe ng'ombe wawili na nazi mia."

Alinipa watatu. Alinishika mkono akaniita mke mwema.

Nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee aliyemfundisha baba juzuu amma walipokuwa watoto, hapana, walisoma pamoja, aliyewafundisha alikuwa baba yake huyo mwalimu. Nikamwamkia, nikamwambia ninalotaka. Akachezea tasbihi yake.

"Watatufunga," akasema.

"Watawafunga kwa kuja kwenye karamu waliyoiamuru wenyewe?"

Akanitazama. Kisha akaniuliza kama nina ubani wa kutosha, au alete wake.

Siku ilipofika mume wangu alitoka asubuhi, amevaa joho jipya, akaenda bomani ili aje kwa maandamano na bwana mkubwa, matarumbeta mbele. Alipokwisha kukunja kona tu, mimi na shangazi tuliviringisha mazulia aliyoyaazima kwa Wahindi, tukatandika mikeka ya matanga. Nikafumua nywele. Nikavaa kaniki. Tukawasha ubani mpaka nyumba nzima ikawa na harufu ya msiba, na mwalimu akaja na juzuu thelathini kwenye mfuko, akazipanga katikati ya baraza. Jikoni wali ulikuwa unatokota. Wali wa harusi na wali wa hitima ni wali mmoja, nazi ile ile, nyama ile ile. Tofauti ni kile mnachokisoma kabla ya kuushika.

Wakaanza kuja. Walikuja kwa hofu, nyuso za watu walioitwa na askari. Wa kwanza alikuwa jumbe mkongwe kuliko wote. Alifika mlangoni akasita, akatazama mikeka, akatazama moshi wa ubani, kisha akaniona mimi kwenye kizingiti cha ndani, kichwa wazi. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Akirudi nyuma, wote watarudi, na jioni nitakuwa bomani, na baba atabaki hivyo hivyo mpaka Kiyama. Nilimchukia kwa dakika ile aliyochukua, namwambia Mungu wazi.

Akavua viatu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akaketi, akachukua juzuu.

Baada yake hakuna aliyesita. Walijaa baraza, walijaa uani, wengine wakaketi barabarani. Kwa ndani wanawake walinikumbatia mmoja mmoja, na mimi kwa mara ya kwanza tangu baba afe nikalia, nikalia vibaya, bila adabu, mpaka shangazi akanishika mabega.

Matarumbeta yalisikika mbali, yakakaribia, kisha yakakatika moja moja. Wapigaji walikuwa watoto wa mji; wakisikia Kurani hawapigi. Mume wangu akatokea na bwana mkubwa wa Kidachi, mkalimani pembeni, askari nyuma. Niliutazama uso wake kupitia upenyo wa dirisha, na sitasema uongo, nilikula ule uso kama tende. Alielewa mara moja. Aliona mikeka, akaona kaniki yangu nyuma ya dirisha, akaona mji mzima ukisoma bila kumtazama.

Bwana mkubwa akauliza kitu. Mkalimani akamgeukia mume wangu: "Anauliza, watu hawa wanafanya nini?"

Alikuwa na majibu mawili. Angesema wanamwombea mkwewe, mwasi aliyenyongwa, na hapo boma lingeuliza ni nani mwenye nyumba, ng'ombe za nani, mke wa nani. Au angesema hakuna aliyekufa, na mji wote ungemsikia akimkana mzee aliyempa mke. Nilimngoja achague. Kumbe mwoga siku zote ana la tatu.

"Wanaiombea bendera," akasema. "Ndiyo desturi yetu, kitu kikitimiza mwaka."

Mkalimani alimtazama, akatutazama na sisi, akatazama viatu vyake. Kisha akafasiri vile vile. Bwana mkubwa akafurahi, akavua kofia. Akasimama juani amekaza shingo mpaka dua ikaisha, na watu walipoitikia "Amina" yeye akainamisha kichwa. Akala. Alikula kwa mkono, akamwaga wali kifuani, akausifu. Akaagiza palepale kwamba jambo hili zuri lifanywe kila mwaka siku ya bendera, na mwenye kulisimamia na kutoa ng'ombe awe mume wangu. Akampa na barua yake.

Wageni walipoondoka walimpa mkono mmoja mmoja. "Pole kwa msiba," wakasema. Hakuna aliyesema hongera. Mji ulikuwa umekula hitima, haukula wali wa kumfanya jumbe, na tangu siku hiyo mpaka anakufa walimwita Jumbe wa Karatasi, hata watoto.

Alinifuata jikoni.

"Umeniua," akasema.

"Bado," nikamjibu.

Akanipa talaka, moja. Nadhani tatu zilimkwama. Nikakaa eda yangu ndani ya nyumba ile ile, nala chakula chake kama sheria inavyonipa, na mikeka sikuiondoa. Kila siku akipita barazani alikuta mtu amekuja kunipa pole, wengine wametoka Vigwaza kwa miguu. Miezi ilipotimia nikahamia kwa shangazi. Hakunirejea, na mimi sikumwomba kitu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yake mimi niliifanya ndefu.

Mwaka ukazunguka. Kabla ya siku ya bendera alikuja mlangoni kwa shangazi, amekonda, akabisha hodi mara tatu ndipo tukamkaribisha. Bwana mkubwa ameikumbuka sherehe, akasema. Ameukumbuka na ule wali, anautaka ule ule. Wanawake wa mji wote wamekataa kumpikia. Alikuwa hajalala, nilimjua akiwa hajalala.

"Nakuomba kwa Mungu," akasema.

Shangazi aligeuza uso. Mimi nilikuwa na jawabu tangu mwaka uliopita.

"Nitapika," nikasema. "Lakini wewe ndiwe mwenye hitima. Mwenye hitima ndiye anayemtajia mwalimu jina la anayesomewa, kabla ya dua. Mwaka jana nilimtajia mimi. Mwaka huu utalitaja wewe, kwa mdomo wako, na bwana wako akiwa amekaa pembeni."

Akasema haiwezekani. Nikamwambia basi akamweleze bwana mkubwa ukweli. Akavaa viatu vyake, akaenda kutafuta ng'ombe.

Siku hiyo baraza ilijaa kuliko mwaka wa kwanza, maana habari ilikuwa imefika mpaka kwa watu wa mashamba. Bwana mkubwa aliletewa kiti. Mume wangu wa zamani aliketi mkekani, goti kwa goti na mwalimu. Juzuu zikaisha, zikakusanywa. Mwalimu akainua mikono, akamgeukia, akangoja.

Alilitaja jina la baba yangu, na jina la babu yangu baada yake, kwa sauti ya chini.

"Mimi ni mzee, bwana," mwalimu akasema. "Sema kwa sauti, watu wote waitikie."

Bwana mkubwa, asiyeelewa neno, alikuwa anatabasamu, anatikisa kichwa kumtia moyo. Akalitaja tena kwa sauti, nikalisikia kutoka jikoni, na mji mzima ukaitikia Amina. Nikafunua sufuria nikaanza kupakua.