Chavua ya Shemeji

Mimi si mtu wa kusahau. Wako wanaosema wamesamehe huku wameuma meno; mimi hata kuuma meno sikujaribu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alininyang'anya banda langu la vioo, nami nikalipiza, na hadi leo nikilikumbuka usingizi unakuwa mtamu.

Banda lenyewe lilikuwa Bredäng, pembeni mwa Stockholm, kwenye vile vipande vya bustani ambavyo watu wa maghorofani hukodi kwa chama. Tulikaa kwenye foleni miaka sita. Mkataba uliandikwa jina la mume wangu kwa sababu siku ya kusaini mimi nilikuwa kazini Upplands Väsby, kwenye kitalu cha kuuza miche. Lakini vioo nilivikusanya mimi: madirisha ya zamani yaliyotupwa maghorofa yetu yalipokarabatiwa. Niliyaleta moja moja kwa kigari cha mtoto, mtoto mwenyewe nimembeba mgongoni. Ndani nilipanda matango, mchicha na pilipili. Nilikuja Sweden kusomea mbegu, nikaishia kuuza maua. Ni mle bandani tu nilipokumbuka kwamba nina elimu yangu.

Mume wangu alifariki mwezi wa tatu, kwa moyo. Arobaini tuliifanyia Sundbyberg kwa shemeji, maana sebule yake ni kubwa. Baada ya dua na pilau, simu iliwekwa katikati ya meza, na baba zao wadogo wakasema kutoka nyumbani kwamba mdogo mtu ndiye atakayesimamia vitu vya marehemu. Mjane hajibizani na kikao cha arobaini. Nilikaa mkekani na kanga yangu kichwani, nikiwasikiliza wanaume wakigawa. Na marehemu aliacha nini Stockholm cha kusimamiwa? Baiskeli, makoti mawili na mkataba wa bustani.

Wiki iliyofuata shemeji akaniletea karatasi ya chama ya kuhamisha uanachama. "Ni utaratibu tu, shemeji, Wazungu wasije wakakusumbua," alisema. Kiswidi nakijua kuliko yeye. Niliisoma, nikaielewa, na bado nikatia sahihi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kulia na sikutaka kuitwa mjane mwenye tamaa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwezi wa tano alibadilisha kufuli. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliniuliza kwa Kiswidi kama kawaida yake: "Varför får farbror ha vårt växthus?" Kwa nini baba mdogo achukue banda letu. Nilimwambia amalize kula.

Kiangazi cha mwaka uliofuata shemeji akaja kwangu na boksi la keki. Tangu arobaini hakuwahi kuniletea hata mkate. Akazungukazunguka na habari za hali ya hewa, kisha akatoa lililomleta.

"Shemeji, wewe si ulisomea mbegu? Eti inawezekana mmea jike ukatoa chavua, halafu mbegu zake zikazaa majike matupu?"

"Mmea gani?"

"Matango."

Mtu huyo tangu nimjue hajala tango. Nilijua hapo hapo kwamba banda langu limejaa bangi. Kwenye bangi kinachouzwa ni vichwa vya maua ya jike, na mkulima akipata mbegu zisizotoa madume hata moja, hana mche wa kung'oa wala kutupa. Alikuwa anaitaka elimu yangu ikanufaishe wizi wake, tena kwenye udongo niliouchekecha kwa mikono hii. Nilimwambia nahitaji kutazama madaftari yangu ya zamani, arudi Jumamosi.

Siku hizo nilifikiria kupiga simu polisi. Lakini jina lake la ukoo ndilo jina la binti yangu. Chama kingelivunja banda, na shemeji akiwa jela watu wangemwombea dua na mimi wangeniita msaliti. Nilichotaka ni banda. Na nilitaka aumie kwa mkono wangu, si kwa mkono wa serikali.

Jumamosi nilimfundisha vizuri, kama ningemfundisha mwanafunzi wangu mwenyewe. Nilimweleza kwamba tango jike likipuliziwa dawa ya aina fulani hubabaika, likatoa maua ya kiume, na kwa kuwa chavua hiyo imetoka kwa jike, mbegu zake huzaa majike. Yote niliyomwambia yalikuwa kweli.

Kuna swali linalofuata hapo, na hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulijua: mmea huo nauweka wapi? Nililisubiri. Nilimmiminia chai polepole ili apate nafasi. Hakuuliza. Kwao mwanamume akimuuliza mwanamke mara moja ameomba msaada. Akiuliza mara mbili amefundishwa. Badala yake akacheka. "Nitauweka katikati," alisema. "Baba hukaa katikati ya nyumba."

"Banda ni lako, shemeji," nikamwambia.

Mwezi wa nane nilikuwa nikipita njia ya bustanini na binti yangu tukienda kuogelea ziwani. Vioo vyangu vilikuwa vimepakwa chokaa watu wasione ndani. Niliomba dua hali ya hewa iwe kavu. Ndiyo, niliomba. Chavua ni vumbi, na ndani ya banda lililofungwa halina pa kwenda ila kwenye maua. Ua likishapata chavua huacha kunenepa na kuanza kutunga mbegu, na hakuna mvutaji anayetaka kununua mbegu.

Mwezi wa tisa alikuja bila keki. Alikuwa amekonda. Kila kichwa kilikuwa kimejaa mbegu, na aliowaahidi mzigo hawakuwa watu wa kupewa visingizio. Alikuwa ameng'oa kila kitu, mifuko ya bangi iko kwenye gari, na anaondoka kwenda Norway. Aliomba aiweke mifuko kwenye stoo yangu ya chini wiki mbili tu.

Nikafungua droo, nikatoa fomu ya chama ya kuhamisha uanachama. Nilikuwa nimeichukua tangu Jumatatu baada ya lile somo letu.

"Saini kwanza."

Alisaini akiwa amesimama, akaweka funguo mezani. Niliikagua sahihi herufi kwa herufi. "Mifuko yako siiweki," nikamwambia. "Na ule mmea ungeutenga tu na mingine. Hata bafuni kwako Sundbyberg kungetosha."

Nilimwambia makusudi. Kisasi asichokijua aliyelipizwa, kwangu si kisasi.

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilisomea, shemeji."

Alivuta kiti, akakaa. "Marehemu angekuona leo angesemaje?"

Ilinichoma, sitasema uongo. Nilikuwa nimejiuliza swali hilo kiangazi chote.

"Angeuliza kwa nini mke wake amelazimika kudai sahihi ya banda alilolijenga mwenyewe."

Nikaikunja karatasi, nikaiweka kifuani, nikammiminia chai. Aliinywa yote, maana hakuwa na pa kwenda.