Kurasa za Mlima

Asubuhi hiyo tulikuwa tunabishana kuhusu mlima wa kwetu. Mimi na Mutembei tulikuwa mafundi wa plasta katika nchi ya mbali yenye joto la kumkaanga mtu, na ubishi huo ndio uliokuwa redio yetu. Yeye alikuwa wa Chogoria, alikokua akiona jua likizama nyuma ya mlima. Mimi ni wa Naro Moru, ambako jua huchomoza mlimani, na kabla ya kushika mwiko nilikuwa mpagazi wa wapanda mlima.

"Umekaa mlangoni maisha yako yote na hujawahi kuingia," nilimtania.

"Nitaingia tukirudi. Na ni wewe utanibebea mzigo, Wanjohi. Ati si hiyo ndio ilikuwa kazi yako?"

Alikuwa bado anacheka tuliposikia mizinga. Wanajeshi wa nchi ile walikuwa wamegeukana wao kwa wao. Kabla ya jioni watu wenye bunduki walitukusanya sisi wageni, wakatufungia katika ghala la saruji. Walisema watachunguza nani kati yetu ni jasusi.

Mutembei aliingia na daftari la kuandikia mifuko ya saruji, amelichomeka kiunoni, pamoja na penseli ya fundi. Kurasa nyingi zilikuwa tupu. Akaanza kuandika mle chochote ambacho mtu alikijua kwa moyo: zaburi, nyimbo za kanisani, jinsi mama yake anavyopika njahi, yale maharagwe meusi, kwa ndizi, dalili za viazi vilivyopigwa na baridi. Mganda mmoja alimpa sala ya bibi yake. Aliandika polepole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi sikuwa na zaburi hata moja kichwani, kwa hiyo nilimpa mlima.

Mchana, mabati yakiwaka juu yetu, nilimpandisha kwa maneno. Tulipita langoni, tukapita mianzi, tukapita matope yanayovua watu viatu, hadi kambi ya mawe ambako maji huganda ndani ya chupa. Hapo nilimsimamisha kila mara. Mgeni hapelekwi kileleni kabla hajazoea hewa, nilimwambia, ila ukweli ni kwamba nilitaka tubaki na kitu cha kungojea. Akaandika na kanuni zetu za upagazi: mgonjwa haachwi nyuma, na mzigo wake huchukuliwa na anayemfuata. Kisha akaichora njia yenyewe, na mishale, na lango, na askari wa hifadhi wamesimama pale.

Siku ya upekuzi nilikuwa sakafuni na homa, hata mate hayamezeki.

Mkubwa wao alifungua daftari. Akapita zaburi. Akapita njahi. Akakwama kwenye mchoro.

Lango. Walinzi. Mishale.

"Hii ni ya nani?" mkalimani aliuliza.

"Ni yangu," Mutembei akasema.

"Ni yangu," nikasema mimi, nikijiinua kwa kiwiko.

Yule mkubwa alinitazama nilivyokuwa nikitetemeka. Akamtazama Mutembei aliyesimama wima. Akamchagua aliyesimama.

Nilimshika Mutembei mguu. Aliinama kunibandua vidole, akasema kama mtu anayekwenda dukani, "Wewe uko mgonjwa. Wacha nibebe."

Walizichana kurasa za mlima, daftari wakalitupa chini.

Mlio ulikuwa mmoja tu, nyuma ya ghala.

Wale wapiganaji waliposhindwa, wengine walikuja wakafungua milango, nikarudi nyumbani. Watu wa Naro Moru huniambia nina bahati. Huwachukia kidogo wanaposema hivyo, halafu nawanunulia chai. Kazi ya mlimani nimejaribu kuirudia nikashindwa, maana mzigo wowote nikiubeba nasikia ile sauti ya Mutembei.

Mwaka huu hatimaye nilizunguka mlima kwa upande wa Nanyuki na Meru hadi Chogoria. Mama Mutembei alikuwa ameshapata habari kwa simu. Mwili haukurudi kamwe. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimsomea daftari lote, naye hakulia, hadi nilipofika kwenye njahi.

"Hapana," alisema. "Amesahau kitunguu." Ndipo machozi yalipomtoka.

Alipapasa mahali palipobaki vipande vya karatasi kwenye mshono. "Na hapa kulikuwa na nini?"

"Mlima, mama. Walirarua."

Nikamwambia yote: njia, kanuni za wapagazi, na neno la mwisho alilonena mwanawe. Alitazama upande wa mlima, ingawa mawingu yalikuwa yameufunika.

"Mlifika wapi?"

"Kambini. Juu hatukufika."

Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso.

"Basi endelea kutoka hapo mlibaki, mtoto yangu. Mzigo yake nitabeba mimi."

Nikamwambia ajifunike vizuri, kwa sababu kuanzia kambini kuna baridi.