Kivuli cha Zebaki

Baba alichomea jikoni dhahabu aliyoinasa kwa zebaki, mlango umefungwa, kwa sababu pale Nyarugusu ukionekana uani na karai la kuchomea, jioni unapata wageni usiowaalika. Jikoni humo ndimo mama alimoshinda kutwa. Ile miaka ya sabini mikono yake ilianza kutetemeka hata chai ikawa inamwagikia kanga. Baba alisema ni uzee. Uzee gani, na hamsini hajafika? Nilikasirika sana.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ya miamba mjini Shinyanga, na nilishamwambia baba mara chungu nzima kwamba zebaki ikichomwa haipotei, inageuka mvuke. "Moshi nisiouona wala kuunusa, mwanangu, utaniumizaje?" alinijibu. Nikaapa nitamwonyesha.

Likizo iliyofuata niliazima kazini, kwa ruhusa, taa ya betri ya kutafutia madini, pamoja na jiwe ambalo likimulikwa nayo hung'aa buluu. Ndani ya taa ile mna mvuke wa zebaki, na mwanga wake mwingi hauonekani kwa macho. Elektroni za atomu hazishuki kwa kuserereka. Huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine, hakuna kusimama katikati, na kila mruko hutoa mwanga wa kipimo chake. Mwanga wa kipimo hichohicho ndio unaomezwa na atomu nyingine ya zebaki, na pale unapomezwa jiwe haling'ai, hubaki kivuli. Kwa hiyo zebaki isiyoonekana inaumbuliwa na zebaki mwenzake.

Niliwaita wote wawili jikoni mchana, nikaziba dirisha kwa blanketi. Nilipowasha taa, jiwe likawaka buluu pale ukutani. Nikafungua kopo la zebaki ya baba, nikalishika kati ya taa na jiwe.

Vivuli vyeusi vikaanza kupanda juu ya ule ubuluu, vikijinyonga kama moshi wa kuni mbichi. Baba alipitisha mkono humo, akaunusa, akaupitisha tena.

"Na hii haijaonja moto," nilimwambia.

Baba alifungua mlango, akalitoa karai na jiko lake la mkaa hadi uani, majirani wakitazama. Nilijiona mshindi.

Mama alibaki kwenye kigoda, akilitazama jiwe.

"Moshi huu wa nje nimeuona," alisema. "Ulioingia ndani yangu unatokaje?"

Nilimshika mikono. Ilitetemeka ndani ya yangu.

"Sijui, mama," nilimjibu. "Lakini kesho tunakwenda hospitali, na humu hupiki tena."